Mkono wa Tausi

Kibibi alikuwa akimsuka Mama Rehani huku akinong'ona maneno aliyofundishwa kwenye semina ya kubadili fikra: "Mimi ni mwema. Sina la kujutia." Aliyarudia kutwa kucha, ati yazame mpaka kwenye akili ya ndani.

"Sema kwa sauti basi, shoga, na sisi tubarikiwe," mteja mmoja alimtania, na saluni nzima ikacheka.

Mama Rehani alijipapasa kichwa. "Kibibi, nimekwambia unisuke twende kilioni, mistari iende nyuma. Mbona hii inazunguka sikio?"

Kibibi akatazama. Vidole vyake vilikuwa vimesuka mtindo wa Tausi, rafiki yake aliyemfundisha kazi.

"Huo si mkono wa Tausi huo?" akadakia yule mteja. "Yule uliyetuambia anawauzia waganga nywele zetu?"

"Tukamhama wote," alisema Mama Rehani. "Siku hizi anafua nguo za watu."

Kibibi aliyatafuta maneno ya semina, hayakuja.

"Hakuuza," alisema. "Nilimzulia mimi. Niliwataka nyinyi, wateja wake."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mama Rehani alijitanda kanga juu ya kichwa kilichosukwa nusu, akaenda kusimama mlangoni.

"Nakwenda kwa Tausi, akanimalizie mwenyewe. Na wewe unakuja."

Kibibi alivaa ndala moja. Ya pili ilikuwa palepale mbele yake, naye akaendelea kuitafuta, wanawake wote wakimsubiri.