Hodi ya Mjakaranda

Tangu miti ipewe sauti, hakuna aliyenyunyizia dawa bila kubisha hodi, na mti usipokuambia karibu, unarudi zako. Jioni ile, nyuki wote wakiwa wamesharudi mzingani, Mwanasiti alisimama chini ya mjakaranda wake ulioshambuliwa na vidukari, bomba la mwarobaini mkononi. Alibisha hodi mara tatu. Kimya.

“Ugonjwa wote huo, na bado una kiburi!” alifoka, akaunyunyizia hivyo hivyo mpaka majani yakachuruzika.

Alikuwa jikoni ananawa mikono aliposikia mlangoni sauti nzito, yenye kukwaruza kama gome: “Hodi.”

Mwanasiti alijiziba mdomo. Lakini kule chumbani mama mkwe wake, mtu wa adabu zake, alikuwa ameshaitikia: “Karibu! Mlango uko wazi.”