Kifua cha Mzee Echodu

"Umeficha nini humo?" Phanuel, askari wa forodha pale Malaba, alikibonyeza kifua cha Mzee Echodu.

"Uuwi!" Echodu aliruka. "Polepole! Ni vyangu!"

Foleni nzima iliyotoka Uganda iligeuka kutazama. Foleni ya askari mwingine ilikuwa fupi, lakini Echodu alikuwa amejipanga kwenye hii. Shati lilikuwa la mwanawe, limembana, na vilivyotuna mbele havikuwa vya babu mwenye wajukuu.

"Magendo," Phanuel akaamua. "Ingia ofisini, vua."

Echodu alivua. Phanuel akatazama, kisha akatazama ukuta.

"Ni dawa, kijana wangu. Mwaka jana, mwaka wa sitini na sita, nyonga na mgongo viliniuma mpaka nikawa nalala nimeketi. Daktari wa misheni kule Tororo akasema ni kansa. Ilianzia kwenye tezi chini ya kibofu, mbegu zake zikadandia damu kama abiria, zikashukia mifupani, zikajenga."

"Basi ni kansa ya mifupa?"

"Hata mimi niliuliza. Akaniambia, 'Wewe Mteso ukihamia Nambale kwa Waluhya, utakuwa Mluhya?' Ikikaa mfupani, bado ni ile ile ya tezi. Akanipa vidonge vya nguvu za kike, maana kansa hii chakula chake ni nguvu za kiume. Haijafa, lakini imelala, na mimi pia nalala. Ila ndiyo hivyo, nimeota matiti."

Phanuel alimfunga vifungo kwa mikono yake mwenyewe, jasho likimtoka. "Pole, mama. Mzee! Pole, mzee!" Akatoka nje akawapigia wenzake kelele: "Atakayemgusa tena mzee huyu kifuani atanijua mimi ni nani!"

Vicheko vilimsindikiza Echodu mpaka barabarani. Aliinamisha kichwa.

Nyumbani Adungosi, mkewe Apeduno alikuwa akimngoja mlangoni, roho juu.

"Wamekuaibisha?"

"Mbele ya dunia nzima."

"Wameshika?"

"Wameshika, wameona, na wameapa hawatashika tena."

Apeduno akashusha pumzi. Akaingia ndani, akarudi na sidiria kubwa aliyoishona kwa mkono wake mwenyewe, yenye mfuko wa chupa ya pombe kali ya waragi kila upande.