Kipande cha Kulinganishia

Dama alibana kipande cha chuma kwenye mikromita, kipimo cha unene, kwa mara ya tatu. Kwa sheria, kila nyumba jirani na kinu cha nyuklia hutunza kimoja kisichowahi kuingia kinuni, ili vile vya ndani, vinavyovimba kwa mionzi, vilinganishwe nacho. Chao kilikuwa kimekaa miaka sita humu chumbani, chini ya kitanda cha binti yao, Kache.

“Kimevimba.”

“Labda kipimo chako kimezeeka kama mimi,” mumewe, Ngumbao, alitania.

“Nimekihakiki asubuhi, Baba Kache. Ni kizima.”

Ngumbao aliacha kucheka. “Basi andika.”

Dama aliandika tarehe tu. “Kesho nitaomba kipande cha jirani nikipime. Leo mtoto alale chumbani kwetu.”

“Chumbani kwetu,” Ngumbao alisema polepole, “ni ukuta mmoja tu kutoka hapa.”