Mbuzi Aliyevaa Kanzu

Mzee Mfaume alikidharau kile kitabu cha picha tangu jalada. Mbuzi kavaa kanzu na kofia, eti anakwenda kuswali Idi. Takataka gani hii mkwewe anaiita zawadi ya watoto? Hata hivyo, alasiri ya mwisho kabla ya Idi ya kuchinja, aliwasomea wajukuu zake wawili kwa sauti ya hakimu anayetoa hukumu.

“Babu, kwa nini hawakumchinja?” Nunu aliuliza.

“Alivaa kanzu, wakadhani ni mgeni. Sasa mtu mzima gani ataona mbuzi adhani ni mtu? Upuuzi mtupu.”

Nunu alimtazama kaka yake. Wakainuka, wakaingia ndani bila kusubiri mwisho.

Mzee akasonya. Watoto wa siku hizi hata upuuzi hawaumalizi. Akaumaliza mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa.

Alipoingia chumbani, msumari alikotundika kanzu yake ya Idi ulikuwa mtupu. Akachungulia uani. Mbuzi wao wa kuchinja hayupo, imebaki kamba.

Uchochoroni, Bi Tatu, jirani yao mwenye mtoto wa jicho, alikuwa akimwamkia mtu kwa heshima zote.

“Shikamoo, Mzee Mfaume. Naona ya Idi umeshaivaa leo leo.”