Hita ya Kinu cha Pamba

Kwenye kinu cha pamba hapa Kisumu, fundi Mohinder alizima swichi ya hita mpya, akagusisha ndani taa yake ya kupimia. Taa ikawaka.

"Imezimwa, lakini umeme bado umo," alisema. "Swichi imefungwa kwenye waya wa kurudisha umeme, si wa kuuleta."

"Pamba yangu imelowa, Singasinga!" meneja alifoka. "Iwashe hivyo hivyo."

Mohinder aliwatazama akina mama wafagiaji, miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji. Hao ndio wangepangusa lile sanduku la chuma kila likizimwa.

Akang'oa fyuzi kubwa, akaitia mfukoni. Akahamisha swichi, akaliunganisha lile sanduku na waya unaoshuka ardhini. Meneja alimtukana saa nzima, na saa nzima fundi akaendelea kukaza skrubu.

Aliporudisha fyuzi na kuwasha, akagusa chuma kwa mgongo wa mkono, kama mafundi wote wanaotaka kuzeeka. Kisha akanyoosha kilemba.

"Sasa wewe, Bwana."

Mikono ya meneja ikakimbilia mifukoni.

Mfagiaji mmoja akampita, akaegemeza mgongo wake wote kwenye hita, akafumba macho.

"Pamba ingoje, Fundi. Kwanza nikauke mimi."