Taa Nyekundu Mlangoni kwa Bi Mwanamkasi

Baraza la Mataifa halikuweza kupeleka majeshi popote mpaka nyumba zilizoangukiwa na kura ziridhie, na nyumba iliyoridhia iliwashiwa taa nyekundu mlangoni mpaka vita viishe. Bi Mwanamkasi, mjane wa watu, azimio lilimkuta kwa simu akikaanga kaimati. Alisikia "kurejesha amani", akabonyeza "Naridhia" kwa kidole chenye unga, akarudi kwenye mafuta yake.

Leo alipeleka futari kwa jirani yake, Bi Zamda, ambaye binti yake ameolewa katika nchi ile ile ambako majeshi yalipelekwa, na ambayo sasa inapigwa mabomu.

"Hodi, shoga yangu."

"Karibu. Taa yako inamulika mpaka kitandani kwangu."

"Wallahi sikusikiliza mpaka mwisho."

"Ungesikiliza, ungekataa?"

Bi Mwanamkasi alitaka kusema ndiyo, lakini alikuwa amefunga, akaogopa kusema uongo. Akamnyooshea sahani ya futari.

Adhana ikalia. Bi Zamda akapokea sahani, akatandika mkeka.

"Simu ya mwanangu haipatikani tangu juzi," alisema. "Wewe ndiye mkubwa. Niombee dua."

Bi Mwanamkasi akainua mikono. Mwenzake akaanza kuitikia amina, naye Bi Mwanamkasi hajapata hata neno moja la kuomba.