Niulize Mimi

Siku ya tatu baada ya mazishi, nguo za marehemu zilimwagwa mkekani ili zigawiwe. Zipora, mjane wake, aliziona zikiondoka moja moja kama nguo za mtu asiyemjua. Elifasi, mdogo wa marehemu, alilivaa koti palepale.

"Limekukaa, kaka," alisema dada yake, Debora. "Na nyumba?"

"Tunaiuza. Shemeji atahamia kwangu, kuna chumba uani."

Hakuna aliyegeuka kumwuliza Zipora.

Elifasi aligusa ukosi wa koti, akacheka. Palikuwa na beji ya bati, yenye picha ya mbwa aliyetoa ulimi. Marehemu alipewa zamani, alipokuwa akiuza chakula cha mbwa cha kampuni ya Popi, naye aliivaa hata kanisani, miaka mingi baada ya kampuni kufungwa.

"Hii siivai. Mjini wataniita Popi." Akaichomoa. "Shika, shemeji. Fungu lako hilo."

Zipora aliipokea. Pini ilikuwa na kutu. Akaichomeka kifuani, kwenye gauni jeusi, akaifunga taratibu. Kisha akasogea, akaketi katikati ya mkeka, mbele ya Elifasi.

"Sasa ndiyo nini, shemeji?"

Zipora akaiinua beji kwa kidole. Elifasi akainama asome maandishi yaliyozunguka kichwa cha mbwa. Yalikuwa yamefifia, akayatamka kwa sauti, neno moja moja.

"Niulize... mimi... habari za Popi."

Debora alicheka peke yake. Elifasi alibaki ameinama, macho yake yamerudi kwenye neno la kwanza.